Mamba Mwenye Alikataa Kuzikwa Kimya

Bamama benzangu, kama uko na mutoto ku parokia, soma hii mpaka mwisho mbele ya kumuachilia atoke na ile fulari ya manjano ku shingo.

Miye sikusoma sana. Nilifika mwaka ya sita ya primeri kwetu Kilwa ya ku ziwa, kisha baba akasema inatosha, samaki haijikaushe yenyewe. Lakini kuandika najua, na kuogopa najua zaidi. Naogopa kamyo. Naogopa waya ya kurenti yenye inalegea juu ya choo yetu. Naogopa maji ya kisima, naogopa hata maji ya robine, ile ya bomba. Bwana yangu Paulin iko dereva, anaishi ku Kasumbalesa mu mulolongo ya kamyo za kuingia Zambia, na ku nyumba anakuyaka kama mugeni: anakula, anasifu sombe yangu ya majani ya muhogo, anarudia mu mulolongo. Basi kuogopa kwa nyumba muzima kulibakia juu yangu peke.

Niliogopa bintu byote ya dunia. Kanisa tu njo sikuwaza kuogopa, na hatari ilipitia pale pale.

Parokia yetu ilianzisha kundi ya kusikiliza. Jina: Masikio ya Yesu. Masere mumoja, mutawa, alikuya kufundisha bavijana. Baende kwa bazee na bagonjwa, baikale chini, baulize, basikilize. Basihubiri, basitoe mashauri. Kisha bafanye kazi yenye mikono inaona: kuteka maji, kufua, kufagia. Nikasema, ile ni muzuri. Plamedie, mutoto yangu wa kwanza, akapewa fulari yake ya manjano, na miye mwenyewe nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mujinga anapigaka vigelegele kwa mwizi wake.

Mutoto akaanza kujifundisha kusikiliza juu yangu.

"Plamedie," namuambia, "chumvi imeisha."

Akaweka kichwa upande kama kuku mwenye anasikia radio. "Mama, unajisikia aje wakati chumvi inaisha?"

"Najisikia kama mama mwenye mutoto yake haende kununua chumvi."

"Nakusikia, mama."

"Kama unanisikia, enda!"

Ile ilikuwa kidogo. Mubaya ilikuya siku yenye baligawanya bazee. Benzake balipata bazee ya muzuri. Mumoja alipata mujane mwenye anakaangaka karanga. Wangu akapata Papa Constantin Chama.

Papa Chama alikaa avenyu ya nyuma yetu, mu nyumba ya zamani ya bantu ya reli. Myaka yote alikuwa shefu ya treni, ule mwenye anapuliza filimbi na treni inaondoka, na filimbi yenyewe ilibakia mu shingo yake, hakukuwa siku aliitosha. Kinywa yake ilikuwa mubaya kuliko ya bachuuzi ya samaki, na miye nazungumuza juu ya bachuuzi ya samaki nikibajua, mama yangu alikuwa mumoja. Katekista wetu Désiré alienda siku moya kumuombea. Muzee alimusikiliza mpaka amina, kisha akamuambia: "Désiré, unasali kama muntu mwenye anauzisha simu ya kuiba." Na akamumwangia maji yenye aliosha sombe.

Lakini kinywa si kitu. Kitu, ni kama bantu balisema iko mulozi, mwenye anakulaka bantu usiku. Bibi yake alikufa. Batoto yake babili balikufa. Mwenye alibakia, Agnès, alikimbilia Lukafu kulima mahindi, hakukanyaga tena mu nyumba ya baba. Jirani yangu Abigaïl aliniambia pa kisima, sauti ya chini, ndoo juu ya kichwa: "Mama Plamedie, ule muzee alimaliza ba kwake. Sasa anatafuta ba kwa bantu. Na weye unamupelekea mutoto na fulari, kama zawadi yenye bamefunga."

Nikamukataza Plamedie. Akaniambia ananisikia. Akaenda.

Kisha akapata homa. Alilala, anatetemeka, meno inagongana. Kwa dispansere balisema malaria, bakamupa dawa, na dawa ikaanza kumusaidia. Lakini miye nilijua malaria yangu ilikuwa na miguu mibili na filimbi. Nikafunga kitambala ku kichwa, nikafunga ingine mu kiuno, nikaenda. Ilikuwa siku ya posho, jumamosi, saa sita ya muchana, jua inachoma, avenyu muzima inaangalia.

Nikasimama pa mulango yake.

"We muzee! We ngozi ya kiatu! Toka! Mutoto yangu umuache! Kama unatafuta nyama, kula ile masikio yako, iko mikubwa, itatosha bantu ya kartie muzima na chakula ya mbwa itabakia! Unafikiri tunakuogopa? Una meno gani ya kumukula muntu, we mufupa ya zamani, hata bukari ya unga ya mahindi unaimeza bila kutafuna!"

Nikajua nimekufa. Nikaanza Salamu Maria, lakini kwa haraka nilichanganya na sala ya chakula.

Kisha nikasikia kitu kama kamyo ya zamani yenye inakataa kuwaka asubui. Ililalamika, ikakohoa, ikashika. Ilikuwa Papa Chama anacheka. Alitoka anajishika ku ukuta, machozi inamushuka.

"Nilijua tu!" akasema. "Nilijua Mungu hatanisahau. Alinitumia samaki!"

"Samaki gani? Miye nakuambia mutoto yangu..."

"Weye ni bena nani, ukoo gani?"

"Ile inaingia wapi mu..."

"Weye ni bena Samaki! Sema uongo! Nani mwingine anaweza kuya pa mulango ya bena Mamba na kumutukana namna hii, muchana, na jua juu? Ya masikio ilikuwa muzuri. Ya bukari, muzuri zaidi. Ingia, samaki ya kuoza, unanuka Kilwa mpaka mu avenyu."

Sasa nifasirie, juu batoto ya leo hababijue tena. Kwetu ku ziwa, kila muntu iko na ukoo yake, na ukoo iko na benzake ya utani. Inaitwa bunungwe. Mamba anakulaka samaki. Basi samaki iko na ruhusa ya kumutukana mamba siku zote, na mamba akikasirika, haya ni yake. Kweli miye ni bena Samaki. Na bunungwe si muchezo tu. Muntu akikufa, nungwe wake njo anakuya ku kilio kufanya bantu bacheke. Anasema mabaya ya marehemu mbele ya sanduku, analala mu njia, anakataza bazike. Muntu mwenye anazikwa bila kuchekwa, ni kama hakukuwa na bantu.

Ule muzee aliwaza nilikuya kufanya kazi ya ukoo. Miye nilikuya juu ya bulozi. Utamuambia nini muntu mwenye analia na furaha na tayari anakupanguzia kiti na shati yake?

Nikaikala. Bamama, hatari iko pale. Haiko ku fulari. Iko ku kiti.

"Batoto yenu ya manjano," akasema, "bananiuliza najisikia aje. Nasikia mugongo! Nitasikia nini ingine? Plamedie wako iko muzuri, anafua vizuri, lakini ananiheshimu. Kila muntu ananiheshimu ao ananiogopa. Tangu bibi yangu alikufa, hakuna mwenye alinitukana sawasawa."

"Banasema ulimukula, bibi yako."

Ilinitoka tu. Akaniangalia.

"Kumukula? Ule mwanamuke? Alikuwa muchungu, mama. Tumbo ingeniuma mpaka leo." Kisha hakucheka tena. Akashika filimbi yake, anaigeuza-geuza. "Kufa siogope. Nilisindikiza treni za mingi, najua kila moya inafikaka mwisho. Lakini naogopa kuzikwa kimya. Désiré atasimama pale na ile sauti yake ya mafuta: *ndugu yetu Constantin alikuwa muntu mupole, muntu wa amani*. Miye! Wa amani! Nitazikwa chini ya jina ya muntu mwingine, na hakuna mwenye atacheka."

"Désiré alikataza utani ku kilio," nikasema. Ilikuwa kweli. Kulikuwa kilio moya bavijana balilewa, bakacheza na sanduku mpaka ikaanguka, na tangu pale katekista alisema kilio ya Mukristu ni sala na nyimbo, basi.

"Alibakataza balevi. Weye unalewaka?"

"Hapana."

"Basi utanicheka?"

"Nitaona."

"We ni samaki ao ni dagaa?"

Nikarudi ku nyumba bila kusema hata neno moya ya bulozi. Plamedie alikuwa ameikala pa kitanda, homa imeshuka, anakula.

"Alikuambia nini, mama?"

"Kula, nyamaza."

"Nakusikia," akasema, na akacheka mu sahani.

Basi kila siku ya posho nikawa naenda na yeye. Nilijiambia naenda kumuchunga mutoto. Plamedie alifua, miye nilipika bukari laini juu ya muntu wa bila meno, na nilimutukana. Yeye alijibu. Alisema natembea kama mbabula ya makala yenye inahama. Alisema Paulin anajificha Kasumbalesa juu yangu, kama mulolongo ya kamyo imekwisha zamani na yeye peke njo anabakia pale. Ku nyumba, usiku, nilisali: *Bwana Yesu, ulisema tutembelee bagonjwa. Haukusema kama mugonjwa atasema juu ya matako yangu.*

Lakini katikati ya matusi, bintu bilianza kutoka. Ukimutukana muntu vizuri, sherti umuangalie vizuri; na yeye akiona unamuangalia, anakuonyesha. Aliniambia vile siku moya alipuliza filimbi mbele ya saa, akaacha shefu yake mukubwa pa stasio, suruali mu mukono, juu alikuwa mu choo. Nilicheka mpaka bukari ikaungua. Posho ingine aliniambia vile mutoto yake wa kwanza alizikwa wakati yeye alikuwa mu njia na treni, na hakukuwa wa kumupokea kazi. Alifika, udongo imekauka. Alienda kulia nyuma ya wago ya treni, juu shefu ya treni haliake mbele ya basafiri.

Miye mwenye ninatoaka mashauri hata kwa kuku, nilichukua shati yake moya mu beseni ya Plamedie, nikafua kola.

Siku moya nikamuuliza juu ya Agnès.

"Ku ndoa yake," akasema, "nilimuambia bwana yake mbele ya bantu kama iko mujinga."

"Na alikuwa mujinga?"

"Sana."

"Basi?"

"Basi mutoto yangu aliolewa na mujinga, na bila baba." Akaangalia mulango. "Hajanitukana hata mara moya tangu pale. Angenitukana, ningejua njia iko wazi."

Plamedie alitafuta namba ya Agnès kwa dereva mumoja wa Lukafu, akamuitia. Agnès alisema atakuya kisha ya kuvuna. Muzee aliposikia, alisema mahindi ya Lukafu inakomaa pole kama bwana ya Agnès. Lakini alikata ndevu.

Hakungoja mahindi. Plamedie njo alimukuta asubui, ameikala pa kiti yake pa mulango, filimbi mu mukono. Mutoto yangu hakupiga makelele. Alimuosha uso, alimuvalisha shati safi, kisha akakuya kuniita. Njo pale niliona ile fulari haikuwa ya muchezo.

Agnès alifika ku kilio na basi ya asubui, vumbi mu nywele. Mwanamuke mukubwa, mabega ya jembe. Aliikala pa mukeka kati ya banawake yenye hakujua jina, anaangalia chini, kama muntu mwenye anazika mugeni.

Désiré akanivuta pembeni ya nyumba. Si muntu mubaya, Désiré. Anaogopa, kama miye, lakini yeye anaogopa na funguo mu mukono.

"Mama Plamedie, nasikia uko na mupango."

"Mupango gani, katekista?"

"Bintu bya ukoo. Hapa ni kilio ya Kikristu. Weye njo unafuaka nguo za altare. Ukifungua kinywa yako, zitafuliwa na mwingine."

Bamama, mutanicheka. Nguo za altare ni kitu yangu moya ku parokia. Sina sauti ya kuimba mu koro, sina cheo. Lakini doa ya divai ku mukono ya kanzu ya padri, miye njo najua kuitosha, na kila siku ya Mungu ku misa nikiiona inang'aa pale mbele, najisemea: ile ni miye. Nikamuambia Désiré, "Nimesikia." Nikaenda kuikala.

Akaanza. Sauti ya mafuta, kama muzee alivyosema. "Ndugu yetu Constantin alikuwa muntu mupole..." Bantu bakaangalia viatu yabo. "...muntu wa amani..." Kimya. Nikaangalia Agnès. Hakuinua kichwa. Ule muzee alikuwa anaondoka chini ya jina ya muntu mwingine, na mutoto yake anamuacha aende.

Bakanyanyua sanduku ndani ya nyumba. Plamedie akaikala karibu yangu, akaweka kichwa upande.

"Mama, unajisikia aje?"

"Najisikia mubaya sana."

"Nakusikia," akasema. Na akanitilia kitu mu mukono. Filimbi.

Nikasimama. Mbele sanduku ifike inje, nikaikala mu mulango, katikati, na munajua vile niko: mulango ikajaa.

"Hatoki!" nikapiga kelele. "Huyu mamba hatoki! Munasema mupole? Nani mupole? Mulikosea maiti! Fungueni, tuangalie!"

"Mama!" Désiré akasema.

"Ngoja, katekista, sala yako ilikuwa muzuri, lakini ilikuwa ya muntu mwingine. Huyu alikumwangia maji ya sombe, umesahau? Ulinuka majani mpaka Pasaka! Huyu, meno hana, lakini aliuma kartie muzima! Huyu aliacha shefu yake pa stasio na suruali mu mukono! Munalia nini? Anaenda kusumbua Mungu sasa, sisi tupumuzike! Petro, funga mulango, mamba anakuya, atakuambia unashika funguo kama muntu mwenye aliziiba!"

Nyuma ya mukeka, muntu akakohoa. Sikugeuka. Ningegeuka, ningenyamaza.

"Mukaidi huyu! Alilia nyuma ya wago juu ya mutoto yake, kisha anarudi mbele anajifanya vumbi iliingia mu macho. Mwongo! Bibi yake alikufa, akakosa wa kumutukana, akakauka kama samaki ya chumvi. Na bwana ya binti yake, alimuita mujinga ku ndoa! Hakukosea, lakini nani alimuuliza? Kisha myaka yote anaangalia mulango, anangoja binti akuye kumutukana, na haya inamuzuia kuita. Njo mamba gani huyu? Mamba ya woga! Mamba ya machozi! Hata ndevu alikata, juu binti alisema atakuya!"

Ile ya kukohoa ikawa kubwa. Kamyo ya zamani yenye inakataa kuwaka: ikalalamika, ikakohoa, ikashika. Agnès alikuwa anacheka. Kicheko ya baba yake, yote, haikukosa hata kipande. Alicheka mikono ku tumbo, akaanguka upande, na kicheko ikageuka kilio, ile ya kweli, ya "baba, baba yangu". Na banawake yenye hakujua jina bakamushika pande zote. Bantu pa avenyu bakacheka, bakalia, bakacheka. Désiré aliinama kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa sandale.

Nikapuliza filimbi, nguvu, mara moya. "Bote ndani! Treni inaondoka!"

Na nikatoka mu mulango, apite.

Nguo za altare zilienda kwa mama mwingine. Désiré hakusema mubaya, alikuya tu kuzichukua, anaangalia chini. Ule mama hajue kazi. Juzi padri alitoka mbele na doa ku mukono kama muntu alichinja kuku. Niliona, nikaumia. Naumia mpaka leo. Na sasa bazee ya avenyu ingine banatuma neno kwa Plamedie: ule mama wa matusi atafika siku gani? Si bote ni bena Mamba. Bengine sina ruhusa ya kubatukana, naikala tu, nasikiliza, nafua kola. Siku ya posho yangu imekwisha. Bamama, nimebaambia.

Mbele arudie Lukafu, Agnès alipita mu lupango, kiwanja ya nyumba yangu. Nilikuwa nachambua sombe. Akasimama, ananipima kutoka chini mpaka juu, kama muntu mwenye anatafuta pa kuanzia. Na miye nikakumbuka: ye ni bena Mamba.

"We samaki," akasema. "Ulikalia mulango ya baba mpaka fremu ikapinda. Siku utakufa, fundi atatengeneza sanduku ao atatengeneza wago?"

Ile kuogopa yangu, yenye inaendaka mbio siku zote, ikasimama, ikapumuzika.

"Na utakuya?" nikauliza.

"Nitakuya. Nitalala mu njia." Akaikala chini, akavuta majani ya sombe mbele yake. "Sasa leta kisu ingine. Unachambua kama muntu ana mikono ya kuazima."